Bibi Jane Addams wa Chicago: Jirani wa Watu, Mpatanishi wa Mataifa

Kila chama cha kusaidiana hufika wakati ambapo wanachama huulizana kama ada zao na mikutano yao ina faida yo yote zaidi ya kuzika wafu na kuwatazama wagonjwa. Twaona kuwa swali hilo ni la haki, wala halifai kupuuzwa. Kwa hiyo tumeona vema, baada ya hesabu za fedha na taarifa za kazi, kuweka katika kitabu hiki maisha ya mama mmoja aliyeanza na mambo hayo hayo madogo. Aliosha watoto wachanga wa jirani zake, alitayarisha maiti kwa maziko, alifuata mikokoteni ya takataka alfajiri. Na mwishowe akasimama mbele ya mawaziri wa Ulaya akiwasihi wakomeshe vita. Hakuwa Mwafrika, na mji wake uko mbali sana na kwetu. Lakini kazi yake ilifanyika katika nyumba ya mtaa, na mambo ya nyumba ya mtaa wazee wetu wanayafahamu.

UTOTO NA MASOMO YAKE

Jane Addams alizaliwa tarehe 6 Septemba 1860 katika kijiji cha Cedarville, jimbo la Illinois, nchi ya Marekani. Baba yake, John Addams, alikuwa mwenye kinu cha kusagia nafaka, na kwa miaka mingi alikuwa mjumbe wa baraza la kutunga sheria la jimbo lile. Alikuwa rafiki wa Abraham Lincoln. Mama yake Jane alifariki mwaka 1863, naye mtoto akiwa hajatimiza miaka mitatu. Baadaye kidogo akapatwa na kifua kikuu cha uti wa mgongo, ugonjwa uliomwacha na mgongo uliopinda na maumivu yaliyomrudia mara kwa mara.

Alipokuwa na umri wa miaka kama saba, baba yake alimchukua katika mji wa jirani, wakapita penye vibanda vya maskini. Mtoto akauliza kwa nini watu wakae katika nyumba mbaya namna ile. Alipojibiwa, alisema kwamba akiwa mtu mzima atakuwa na nyumba kubwa, lakini hataijenga kati ya nyumba kubwa nyingine. Ataijenga kati ya vibanda kama vile. Watoto husema mengi na kuyasahau. Huyu hakusahau.

Alimaliza masomo katika chuo cha wanawake cha Rockford mwaka 1881, na mwaka ule ule baba yake akaaga dunia. Alianza kusomea udaktari huko Philadelphia, walakini mgongo wake ukamshinda, akaacha. Kwa miaka kadhaa alizunguka Ulaya kama walivyofanya mabinti wa matajiri wa siku zile, akitazama picha na makanisa, huku moyo wake ukimsuta kwamba amesoma sana na hafanyi lo lote. Huko London mwaka 1883, usiku wa manane wa Jumamosi, aliona maskini wakinyang'anyana kununua mboga zilizokwisha kuoza. Mmoja alipopata kabichi yake aliketi njiani akaila ikiwa mbichi na chafu vile vile. Mwaka 1888 akarudi London, akaitembelea Toynbee Hall, nyumba iliyofunguliwa mwaka 1884, ambamo vijana waliosoma vyuo vikuu walikaa pamoja na maskini wa upande wa mashariki wa mji. Hapo akapata njia yake.

NYUMBA YA HALSTED STREET

Tarehe 18 Septemba 1889, yeye na rafiki yake Ellen Gates Starr walihamia katika nyumba ya zamani iliyojengwa mwaka 1856 na tajiri mmoja jina lake Charles Hull. Wakati tajiri yule alipoijenga, palikuwa nje ya mji. Sasa Chicago ulikuwa umeimeza, na nyumba ilisimama kati ya duka la mwenye kuzika maiti na kilabu cha pombe. Wenyeji wake walikuwa Waitalia, Wajerumani, Wagiriki, Waairishi, watu wa Bohemia, na Wayahudi waliotoka Urusi na Poland. Walikuja kutafuta kazi, nao waliishi wamesongamana, kila kabila na lugha yake, kanisa lake au sinagogi lake, na chuki zake za zamani zilizobebwa kutoka kwao.

Usiku wa kwanza wale mabibi wawili walikuwa wamechoka, wakalala bila kufunga mlango wa ubavuni. Asubuhi walikuta hakuna kitu kilichoibwa. Bibi Addams hakusahau jambo lile maisha yake yote. Alisema kwamba jirani zake walimwonyesha uaminifu wao kabla yeye hajawaonyesha wema wo wote.

Wahenga walinena, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini Bibi Addams hakuja na dawa tayari mkononi. Alingoja aambiwe ugonjwa uko wapi. Jirani walimwita kuogesha mtoto aliyezaliwa, kumtunza mwenye homa, kukaa na watoto mama akienda kazini. Siku moja aliitwa kwa msichana aliyekuwa akijifungua bila ya kuwa na mume, na wanawake wa jengo lile hawakutaka kumgusa kwa sababu ya aibu. Bibi Addams na mwenzake Julia Lathrop wakaenda, wakamzalisha wenyewe.

Katika siku za kwanza waliwakuta watoto watatu walioharibika viungo kwa sababu mama zao walikwenda kazini na kuwaacha peke yao. Mmoja alianguka dirishani kutoka orofa ya juu. Wa pili aliungua moto. Wa tatu mgongo wake ulipinda kwa kufungwa mguuni pa meza ya jikoni mchana kutwa kwa miaka mitatu. Mama wale hawakuwa wakatili. Hawakuwa na mtu wa kumwachia mtoto. Basi nyumba ikafungua mahali pa kulelea watoto wachanga, pamoja na shule ya watoto wadogo.

Si kila jambo lilifanikiwa. Walifungua jiko la watu wote, wakapika vyakula ambavyo wataalamu walisema vina nguvu mwilini kwa bei ndogo. Majirani hawakuvinunua, maana kila kabila lilipenda chakula lilichokizoea. Mabibi wale hawakukasirika wala hawakuwalaumu watu kuwa ni wajinga; wakapunguza jiko, wakaweka mahali pa kahawa ambapo watu waliketi na kuzungumza, napo pakajaa. Twaona hapo alama ya kiongozi: kukubali kwamba mwenye njaa ndiye ajuaye alipendalo.

Katika mwaka wa pili tu watu kama 2,000 waliingia nyumbani mle kila juma. Palikuwa na masomo ya jioni, bafu za watu wote, chumba cha michezo, kiwanja cha watoto, maktaba, na nyumba ya wasichana wafanya kazi waliochanga kodi na chakula kwa ushirika, ili mmoja wao akigoma au akifukuzwa kazi asitupwe njiani. Kufikia mwaka 1907 majengo yalikuwa 13.

KARANI ALIYEKUFA

Wakati wa baridi baada ya mwaka 1893, kazi zilipotea Marekani nzima, na njaa ikaingia. Karani mmoja aliyekosa kazi alifika Hull House kuomba msaada kwa ajili ya jamaa yake. Bibi Addams alikuwa ameagizwa na wakubwa wa kutoa misaada kwamba mwenye nguvu asisaidiwe mpaka amejaribu kazi ya kuchimba mfereji mkubwa wa maji machafu. Akamwambia karani hivyo. Yule mtu akajibu kwamba maisha yake yote amefanya kazi ndani ya nyumba, na hadhani ataweza kazi ya nje katika baridi ile. Bibi akashika sheria. Karani akaenda, akachimba siku mbili, akashikwa na ugonjwa wa mapafu, na baada ya juma moja akafa.

Watoto wake wawili Bibi Addams aliwaangalia kwa miaka mingi, wala hakuwahi kuwaona bila kukumbuka. Alijifunza kwa gharama ya uhai wa mtu mwingine kwamba msaada hautolewi kwa kanuni peke yake. Yampasa mwenye kusaidia kumjua anayesaidiwa, maisha yake na mazoea yake. Tumeona vema kulieleza jambo hili kwa urefu, kwa sababu kila halmashauri ya chama ina kanuni zake, na kila mara watakuja watu ambao kanuni haikuwafikiria.

TAKATAKA NA SHERIA

Sikukuu ya kwanza ya Krismasi pale Hull House, wasichana wadogo kadhaa walipewa peremende wakazikataa. Wakaulizwa, wakasema wao hufanya kazi katika kiwanda cha peremende, tangu saa moja asubuhi hata saa tatu usiku, na sasa ni majuma sita; hawawezi hata kuzitazama. Majira yale yale ya baridi, wavulana watatu waliumizwa na mashini moja ya kiwanda cha jirani, na mmoja wao akafa. Kinga ya mashini ile ingegharimu dola chache tu. Bibi Addams alikwenda kwa wenye kiwanda akidhani wataona uchungu na kuitengeneza. Hawakufanya lo lote.

Hapo akatambua kwamba kufunga vidonda bila kuzuia kisu ni kazi isiyo na mwisho. Mwenzake Florence Kelley alichunguza vyumba vya kushonea nguo mtaani, na wote pamoja na vyama vya wafanya kazi wakadai sheria. Watu wawili walimjia Bibi Addams kwa niaba ya wenye viwanda, wakamwambia kwamba nyumba yake itapata dola 50,000 ikiwa ataacha habari za sheria ile. Alikataa, lakini alisikitika sana, maana watu walisema juu ya baba yake kwamba hakuna aliyewahi kuthubutu kumpa rushwa. Akajiuliza amekosa nini hata watu wakamwona yeye kuwa anaweza kununuliwa. Mwaka 1893 sheria ikapitishwa: watoto walio chini ya miaka 14 wasiajiriwe viwandani, na wanawake wasifanye kazi zaidi ya saa nane kwa siku. Sehemu ya saa nane ilitanguliwa na mahakama mwaka 1895, lakini njia ilikuwa imefunguliwa. Mwaka 1899 mahakama ya watoto ya kwanza ya Marekani ilianzishwa Chicago, na watu wa Hull House walikuwa miongoni mwa walioipigania, ili mtoto aliyekosa asifungwe pamoja na wahalifu wakubwa.

Habari ya takataka wazee wetu wataipenda. Mtaa ulinuka, na watoto walikufa wengi. Wanawake wa chama cha nyumba ile, wengi wao wakiwa wametoka kazini wamechoka, walizunguka vichochoroni jioni wakaandika makosa, na katika miezi miwili nyumba ikapeleka kwa idara ya afya malalamiko 1,037 yaliyothibitishwa. Mwaka 1895 Bibi Addams akawekwa kuwa mkaguzi wa takataka wa wadi ile, kwa mshahara wa dola 1,000 kwa mwaka. Aliamka saa kumi na mbili asubuhi, akaifuata mikokoteni mpaka jalalani. Katika njia moja nyembamba walichimbua uchafu mpaka wakakuta barabara iliyosakafiwa, imefukiwa inchi 18, na wakazi hawakujua kwamba ipo. Wadi ile iliyokuwa ya tatu katika mji kwa wingi wa vifo ikashuka ikawa ya saba.

HESHIMA YA WAZEE

Bibi Addams aliona jambo jingine lililomhuzunisha. Watoto wa wageni walijifunza Kiingereza na desturi za Marekani upesi, kisha wakaanza kuwaonea haya wazazi wao waliovaa vitambaa kichwani na kusema lugha ya kwao. Mwaka 1900 akafungua chumba ambamo akina mama wazee walisokota na kufuma kama walivyofanya vijijini kwao, na mafundi wanaume wakaonyesha kazi zao. Msichana mmoja wa Kiitalia, ambaye alikuwa akiingia kwa mlango mwingine ili asionekane pamoja na mama yake, alisikia wageni wakisifu ufundi wa mama yule. Tangu hapo akaingia naye kwa mlango mmoja. Twafikiri jambo hilo ni jema kulifikiri po pote ambapo vijana wamewapita wazee wao kwa elimu ya shule.

AMANI YA MTAA NA AMANI YA DUNIA

Mwaka 1894 wafanya kazi wa kiwanda cha magari ya reli cha Pullman waligoma, na mgomo ukaenea katika reli nyingi. Bibi Addams aliomba shauri lipelekwe mbele ya wapatanishi, kampuni ikakataa. Dada yake alikuwa akifa katika siku zile, na mume na watoto wa dada huyo wakacheleweshwa njiani kwa sababu garimoshi hazikwenda. Hakuwachukia wagomaji kwa ajili ya msiba wake, wala hakugeuka kuwa adui wa upande wo wote. Aliona tu jinsi ugomvi usiopatanishwa unavyowaumiza hata wasiohusika. Ndovu wawili wapiganapo ziumiazo ni nyasi.

Mwaka 1907 alitoa kitabu juu ya amani. Shauri lake kubwa lilikuwa hili: watu ambao mababu zao walichinjana Ulaya, sasa wanakaa ngazi moja katika mitaa ya Chicago, wanaazimana chumvi na kuuguziana watoto. Ikiwa hawa wameweza, basi amani si ndoto. Ni desturi inayoanza chini na kupanda juu.

Vita vya dunia vilipoanza mwaka 1914, shauri hilo likajaribiwa. Mwezi wa Aprili 1915 alivuka bahari pamoja na wanawake wengine zaidi ya 40 wa Marekani, ingawa njia ilikuwa ya hatari na meli yao ilizuiwa kwa siku kadhaa karibu na Uingereza. Huko The Hague, Uholanzi, wanawake zaidi ya 1,100 kutoka nchi 12 walikutana, wakiwamo wa mataifa yaliyokuwa yakipigana, wakamchagua Bibi Addams kuwa mwenyekiti. Walitaka nchi zisizo vitani ziketi bila kuondoka na kuendelea kupatanisha mpaka silaha ziwekwe chini. Kisha yeye na wenzake wakaenda London, Berlin, Vienna, Budapest, Rome na Paris, wakaonana na mawaziri. Waliwasikiliza kwa adabu. Vita vikaendelea.

Aliporudi New York, alieleza katika mkutano wa Julai 1915 kwamba alisikia katika nchi mbalimbali kuwa askari hupewa kileo kabla ya kushambulia kwa singe, maana mtu mwenye akili timamu huona vigumu kumchoma mwenzake. Magazeti yakamwangukia. Mwanamke ambaye jana aliitwa mama wa taifa, leo aliitwa mpumbavu, na baadaye msaliti. Marekani ilipoingia vitani mwaka 1917, hata wengi wa rafiki zake wa zamani walimwacha. Hull House ikatumiwa kuandikishia vijana jeshini. Mmoja wao, mgeni aliyekuwa amepata uraia, alimwambia kwamba ni yeye Bibi aliyemsihi aingie katika darasa la uraia. Asingeingia, asingepelekwa vitani. Bibi Addams hakuwa na jibu la kumpa. Hakubadili imani yake, wala hakukaa bure. Alizunguka nchi akiwahimiza watu waweke akiba ya chakula kwa ajili ya wenye njaa ng'ambo. Mwaka 1919, huko Zürich, ule mkutano wa The Hague ukawa Chama cha Kimataifa cha Wanawake cha Amani na Uhuru, naye akawa rais wake. Kisha akaingia Ujerumani iliyoshindwa, akaona watoto waliokonda kwa njaa, akarudi kuomba chakula kwa ajili ya watoto wa waliokuwa maadui. Kwa hilo pia alitukanwa.

Hatutaki kumfanya malaika. Mwaka 1909 alitia sahihi mwito uliozaa chama cha kutetea haki za watu weusi Marekani. Lakini mwaka 1912, chama kipya cha siasa alichokiunga mkono kilipowafungia mlango wajumbe weusi wa majimbo ya kusini, alipinga, kisha akabaki ndani yake. Watu weusi walimlaumu, na lawama hiyo ilikuwa na haki.

MWISHO WAKE NA MWISHO WA NYUMBA

Miaka ilipopita, hasira za watu zilipoa. Mwaka 1931 alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel pamoja na Nicholas Murray Butler. Alikuwa mwanamke wa kwanza wa Marekani kuipata. Siku ya kutolewa alikuwa hospitali, hakuweza kusafiri. Fedha zake alikipa chama cha amani. Aliaga dunia Chicago tarehe 21 Mei 1935. Maelfu ya watu walipita mbele ya jeneza lake pale Hull House, wengi wao majirani, kisha akazikwa kwao Cedarville.

Majengo mengi ya Hull House yalibomolewa katika miaka ya 1960 ili kupisha chuo kikuu. Nyumba ya kwanza imebaki kuwa makumbusho. Chama kilichorithi kazi yake kiliendelea mahali pengine mjini mpaka Januari 2012, kikafungwa kwa kukosa fedha, baada ya kutegemea mno fedha za serikali. Chama cha amani, kinachoishi kwa nguvu ya wanachama wake katika nchi nyingi, kingali hai.

Tumelitaja hilo mwishoni kwa makusudi. Mwanachama alipaye ada yake kwa wakati, aendaye kumtazama mgonjwa asiye wa kabila lake, na aketiye kati ya majirani wawili wenye ugomvi mpaka wapatane, asidhani kazi yake ni ndogo. Bibi Addams alifika kwa mawaziri wa Ulaya kwa njia hiyo hiyo, na aliporudi bila kusikilizwa, ni mtaa wake uliompokea. Haba na haba hujaza kibaba. Nacho kibaba kisipoangaliwa, hupungua vile vile haba na haba.